Dawa ya Kisukari na Mafuta Katika Damu



Pengine wewe una ugonjwa wa kisukari. Kama si wewe, basi ni mama yako, au jirani yako, au mwenzako wa darasani.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa haba vijijini. Mwaka 1989 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania. Katika kila watu wazima 100, hakufika hata mtu 1 mwenye kisukari. Mwaka 2012 watu wazima walipimwa tena, mijini na vijijini. Safari hii walionekana wagonjwa karibu 9 katika kila watu 100. Chunguzi hizo mbili hazikufanana kwa kila jambo. Hata hivyo, zinatuonyesha kwamba ugonjwa umeingia nyumbani kwetu.

Wagonjwa wengi wanajua habari za sukari. Wanapimwa sukari. Wanameza dawa ya sukari. Wanaacha kutia sukari katika chai. Lakini ukiwauliza habari za mafuta ya damu, wengi hunyamaza. Hili ni jambo la hatari. Duniani, watu wenye kisukari hufa zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Na mafuta katika damu ni chanzo kikubwa cha magonjwa hayo.

Somo hili linajibu swali moja: Je, dawa ya kisukari inapunguza mafuta katika damu? Jibu fupi ni hili: inasaidia, lakini mara nyingi haitoshi. Sasa soma polepole upate jibu refu.

1. Mwenye funguo za ghala

Fikiri habari za ghala la kijiji. Wakati wa mavuno, mwenye funguo hufungua mlango. Mahindi huingia. Kisha hufunga mlango ili mahindi yasitoke ovyo. Mwenye funguo akisafiri, mambo mawili huharibika. Mahindi mapya hubaki nje. Na mahindi yaliyomo ndani huweza kutolewa bila mpango.

Mwili nao una mwenye funguo. Anaitwa insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho. Kongosho ni kiungo kilicho tumboni, nyuma ya tumbo la chakula.

Ukila ugali, wali, ndizi au muhogo, chakula hicho hugeuka kuwa sukari katika damu. Insulini huifungulia sukari mlango iingie mwilini ikatumike. Pia huliambia ini lisimwage sukari nyingine katika damu. Tena hushikilia mafuta ya akiba yasitoke ovyo.

Kuna watu ambao kongosho lao haliwezi tena kutoa insulini. Hicho ni kisukari cha aina ya kwanza. Kuna wengine ambao insulini ipo, lakini mwili haiitikii vizuri, na baadaye insulini yenyewe hupungua. Hicho ni kisukari cha aina ya pili. Wagonjwa wengi zaidi wana aina hii ya pili.

Sasa angalia. Insulini ikikosa nguvu, sukari hujaa katika damu. Wakati huohuo mafuta ya akiba hutoka na kwenda kwenye ini. Ini huyafunga mafuta hayo na kuyarudisha katika damu. Kwa hiyo sukari na mafuta hupanda pamoja. Ndiyo sababu dawa ya sukari inaweza kugusa mafuta pia. Mwenye funguo ni mmoja.

2. Mafuta ya damu ni ya namna gani?

Damu ya kila mtu ina mafuta. Mwili unayahitaji. Shida ni kuzidi. Jifunze majina matatu.

Jina la kwanza ni kolesteroli mbaya. Kolesteroli huitwa pia lehemu. Kolesteroli hii ikizidi hujipenyeza katika kuta za mishipa ya damu. Mshipa huwa mwembamba ndani, kama bomba la maji lililoota kutu. Mshipa wa moyo ukiziba, moyo hudhurika. Mshipa wa kichwani ukiziba, mtu hupata kiharusi.

Jina la pili ni kolesteroli nzuri. Hii husaidia kuondoa mafuta katika mishipa na kuyarudisha kwenye ini.

Jina la tatu ni traigliseraidi. Haya ni mafuta ya kutia nguvu mwilini. Hupanda mtu anapokula vitu vitamu au wanga kupita kiasi, au anapokunywa pombe sana. Hupanda pia kisukari kinapokosa kutunzwa.

Katika kisukari cha aina ya pili, mara nyingi traigliseraidi hupanda na kolesteroli nzuri hushuka. Mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Anaweza kulima, kutwanga na kucheza ngoma, kumbe mishipa inaendelea kuziba. Mafuta ya damu hayaonekani kwa macho. Mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Njia ya kuyajua ni kupima damu.

3. Kila dawa na kazi yake

Dawa za kisukari si moja. Angalia pakiti yako, usome jina la dawa. Sasa unaweza kusoma mwenyewe.

Metformini. Dawa hii hupewa watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili. Hulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu. Historia yake inaanzia kwenye mmea wa Ulaya uitwao galega. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, alitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa metformini. Dawa hii hupunguza kolesteroli mbaya na traigliseraidi, lakini kidogo tu. Imeze pamoja na chakula ili tumbo lisisumbuke.

Glibenklamidi na gliklazidi. Dawa hizi hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Hushusha sukari vizuri. Lakini hazibadilishi sana mafuta ya damu. Ukimeza dawa hizi usikose kula. Sukari inaweza kushuka mno. Ukitetemeka, ukatokwa na jasho na kuona kizunguzungu, kunywa mara moja maji yenye sukari, kisha ule chakula.

Insulini ya sindano. Mgonjwa wa kwanza alidungwa insulini mwezi Januari 1922 huko Toronto, nchini Kanada. Alikuwa kijana wa miaka 14. Kabla ya hapo, watoto wenye kisukari walikuwa wakifa. Mgonjwa ambaye sukari yake ilikuwa juu sana akianza insulini, traigliseraidi yake hushuka, maana mwenye funguo amerudi ghalani. Mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja. Akiacha anaweza kufa baada ya siku chache.

Pioglitazoni. Dawa hii huusaidia mwili uitikie insulini. Hupandisha kolesteroli nzuri na kushusha traigliseraidi. Lakini huweza kuleta uvimbe wa miguu, na haiwafai watu ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vizuri.

Empagliflozini na dapagliflozini. Dawa hizi hutoa sukari kwa njia ya mkojo. Hapa kuna jambo la kushangaza. Kolesteroli mbaya inaweza kupanda kidogo kwa dawa hizi. Hata hivyo, mwaka 2015 ilitangazwa kwamba empagliflozini ilipunguza vifo vya ugonjwa wa moyo kwa watu wenye kisukari waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya damu. Basi, namba moja ikipanda kidogo, usikimbilie kuitupa dawa. Mwulize mganga. Yeye hutazama mwili mzima, si namba moja.

4. Tusome kadi ya kliniki

Hii ni kadi ya mfano. Tumeitunga kwa ajili ya kujifunza. Tuseme ni ya mkulima wa miaka 52. Alianza metformini mwezi Januari. Alimeza dawa kila siku na akapunguza vitu vitamu.

Januari: Sukari kabla ya kula 12.4. Traigliseraidi 4.1. Kolesteroli mbaya 4.0.

Aprili: Sukari kabla ya kula 8.6. Traigliseraidi 2.6. Kolesteroli mbaya 3.8.

Julai: Sukari kabla ya kula 6.8. Traigliseraidi 1.9. Kolesteroli mbaya 3.7.

Sasa tazama sukari. Imeshuka kutoka 12.4 mpaka 6.8. Hiyo ni kazi nzuri. Mtu ambaye hatumii dawa akipimwa asubuhi kabla ya kula, na kipimo kikawa 7.0 au zaidi, huhesabiwa ana kisukari, baada ya kupimwa tena na kuhakikishwa. Kwa hiyo dawa ya mkulima huyu inafanya kazi.

Tazama traigliseraidi. Imeshuka kutoka 4.1 mpaka 1.9. Inayotakiwa ni chini ya 1.7. Amekaribia.

Tazama kolesteroli mbaya. Imetoka 4.0 mpaka 3.7 tu. Kwa mtu mwenye kisukari, waganga wengi hutaka iwe chini ya 2.6. Akiwa na ugonjwa wa moyo, hutaka iwe chini zaidi.

Umeona? Mkulima huyu anaweza kufurahi na kusema, "Sukari yangu imeshuka, nimepona." Lakini hajapona, na hatari moja bado imekaa katika mishipa yake. Dawa ya sukari imefanya kazi yake. Kazi ya kolesteroli mbaya inahitaji msaada mwingine.

Jambo moja la kuangalia: hospitali nyingine hutumia kipimo cha namba kubwa. Kwa kipimo hicho, kolesteroli mbaya ya 2.6 huandikwa 100, na sukari ya 7.0 huandikwa 126. Usilinganishe namba za vipimo viwili tofauti. Mwombe mganga akueleze kadi yako imetumia kipimo gani.

5. Statini: dawa ya kolesteroli

Dawa inayotumika zaidi kushusha kolesteroli mbaya ni ya jamii ya statini. Unaweza kuona majina kama simvastatini au atovastatini. Statini hulizuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi.

Dawa hii ilianzia kwenye ukungu. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Japani aitwaye Akira Endo alichunguza maelfu ya namna za ukungu na uyoga. Alipata alichotafuta katika ukungu uliotoka kwenye mchele huko Kyoto. Statini ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987.

Je, inawasaidia wenye kisukari? Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu 2,838 wenye kisukari huko Uingereza na Ayalandi. Walikuwa bado hawajapata ugonjwa wa moyo wala kiharusi. Nusu walipewa atovastatini, na nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopewa atovastatini walipata kiharusi mara chache zaidi, karibu nusu ya wenzao. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu faida ilikwisha kuonekana wazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watu wenye kisukari cha aina ya pili, waliofika miaka 40 au zaidi, wapewe statini. Kwa hiyo kama umefika umri huo na hujawahi kuambiwa habari hii, uliza.

Sasa sikia upande wa pili. Statini yenyewe inaweza kupandisha sukari kidogo kwa baadhi ya watu. Baadhi ya wagonjwa wakisikia hivyo huiacha. Hilo ni kosa. Kwa mtu mwenye kisukari, faida ya kulinda moyo na kichwa ni kubwa kuliko hasara hiyo ndogo. Mganga anaweza kurekebisha dawa ya sukari. Lakini mshipa ukishaziba na kiharusi kikaingia, mkono uliopooza pengine hautashika jembe tena.

Mama mjamzito, anayetaka kupata mimba au anayenyonyesha amwambie mganga kabla ya kumeza statini. Ukisikia misuli inauma sana bila sababu, au mkojo ukawa mweusi, rudi zahanati upesi.

6. Mambo ya kufanya

Kwanza, meza dawa kila siku kama ulivyoagizwa. Usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unameza dawa.

Pili, usigawane dawa na jirani. Dawa inayomfaa yeye inaweza kukudhuru wewe. Mtu mwenye figo mbovu, kwa mfano, pengine hatakiwi kupewa metformini.

Tatu, usiache dawa ya hospitali ukategemea majani ya kuchemsha. Ni kweli kwamba dawa nyingine zilianzia kwenye mimea. Lakini metformini ya kidonge hupimwa, ili kila kidonge kiwe na kiasi kilekile. Majani ya sufuriani hayana kipimo. Kama unatumia mitishamba, mwambie mganga bila kuficha.

Nne, angalia chungu chako. Punguza samli, nyama yenye mafuta, tui zito la nazi na vitu vya kukaangwa. Punguza soda na chai tamu. Kula maharage, kunde, mboga za majani na samaki. Tonge la ugali liwe dogo, mboga iwe nyingi.

Tano, tembea na kufanya kazi za mikono. Mwili unaofanya kazi huitikia insulini vizuri zaidi. Kolesteroli nzuri nayo hupanda.

Sita, acha tumbaku. Moshi wake huharibu mishipa ileile ambayo sukari na mafuta vinaiharibu. Punguza pombe au iache kabisa.

Saba, pima shinikizo la damu. Sukari, mafuta na shinikizo la damu hushirikiana kuuharibu moyo.

Nane, jua dalili za hatari. Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, au maneno yakitoka vibaya, hicho huenda ni kiharusi. Kifua kikibana na jasho likatoka, huenda ni moyo. Usingoje asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile. Kumbuka pia kwamba mtu mwenye kisukari anaweza kudhurika moyo bila kusikia maumivu makali. Akichoka ghafla na kukosa pumzi, asipuuzwe.

7. Uliza bila kuona haya

Zahanati nyingi hupima sukari, lakini si zote zinazoweza kupima mafuta ya damu. Pengine utatumwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Safari hiyo ina gharama ya nauli na ya kipimo. Kwa hiyo panga mapema. Weka akiba kidogo baada ya mavuno, au pangeni safari pamoja, wagonjwa wawili watatu wa kijiji kimoja. Kama kipimo hakipatikani, uliza vilevile habari za statini. Mganga anaweza kupima hatari yako kwa kutazama umri, shinikizo la damu, tumbaku na kisukari chenyewe.

Kuuliza si utovu wa adabu. Mganga anakuona kwa dakika chache. Wewe unaishi na mwili wako mchana na usiku.

Maneno ya kujifunza

Kongosho: kiungo kinachotengeneza insulini.
Insulini: kinachoifungulia sukari mlango iingie mwilini.
Kolesteroli au lehemu: aina ya mafuta yaliyomo katika damu.
Traigliseraidi: mafuta ya kutia nguvu mwilini.
Statini: dawa ya kupunguza kolesteroli mbaya.
Kiharusi: ugonjwa unaotokea damu isipofika sehemu ya ubongo, au mshipa wa kichwani ukipasuka.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini sukari na mafuta hupanda pamoja mtu anapougua kisukari?
2. Katika kadi ya mfano, ni namba gani iliyoshuka sana? Ni ipi iliyoshuka kidogo?
3. Jirani anasema, "Nameza metformini, kwa hiyo moyo wangu uko salama." Utamjibu nini?
4. Mzee mmoja ameambiwa kwamba statini hupandisha sukari. Anataka kuiacha. Mtamshauri vipi?
5. Ni vyakula gani vya kijiji chetu vinavyofaa kupunguzwa? Ni vipi vinavyofaa kuongezwa?

Kazi ya kuandika

Chukua daftari lako. Andika jina la kila dawa unayomeza, wewe au mgonjwa wa nyumbani kwako. Kisha nakili maswali haya matatu, uende nayo kliniki:

Dawa yangu ya kisukari inafanya nini kwa mafuta ya damu?
Mafuta yangu yamepimwa lini, na namba zake ni ngapi?
Je, ninahitaji statini?

Acha nafasi chini ya kila swali. Jibu la mganga uliandike hapohapo, kwa mkono wako mwenyewe.